Sura ya Deo Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 5 Machi 2001

Nimefagia studio. Nimepangusa matope ya mlangoni. Nimefunua kompyuta, nimekunja shuka yake. Kila jioni naifunika, kila asubuhi naifunua, kama mgonjwa.

Kwaresima imeanza. Harusi hakuna mpaka Pasaka. Taa nimeitundika ukutani. Mimi ndiye mshika taa wa studio hii. Kwenye harusi natembea kinyumenyume mbele ya maharusi, nimenyanyua taa juu, Gaudensi yuko kando yangu na kamera. Kwenye misiba vilevile, ila polepole zaidi. Siku zisizo na shughuli nabeba jenereta, nachota maji, napasua kuni nyumbani kwa Bosi. Mgongo umechoka. Mikono bado.

Leo kadi ya kompyuta imefika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Bosi aliiweka mezani akakataza mtu kuigusa mpaka Gaudensi anawe mikono. Kumbe ni kibao cha kijani tu, kidogo kuliko nilivyodhani. Nyuma kina matundu mawili. Moja la kioo cha kompyuta, moja la televisheni.

Mimi nalitaka hilo la televisheni.

Jumanne, 6 Machi

Haikukubali.

Gaudensi ndiye anayekata na kuunga picha. Kompyuta yetu ilikuwa na kadi mbili. Ya kwanza inaonyesha picha kwenye kioo chake cha kufanyia kazi. Ya pili ilikuwa inatoa picha kwenye televisheni, na kutoka hapo inaingia kwenye deki, mteja anapewa kaseti yake. Mwezi wa kwanza radi ilipiga, kadi ya pili ikaungua, ikanuka hadi nje. Tangu hapo harusi tunazitoa moja kwa moja kutoka kamera kwenda deki, bila kukatwa. Wateja wananung'unika. Wanaona mpaka miguu ya Gaudensi.

Leo alifungua boksi la kompyuta, akachomeka kadi mpya, akawasha. Kioo kikawaka. Televisheni nyeusi. Akazima, akaitoa, akairudisha. Nyeusi. Bosi akasema labda kadi inaona aibu, tutoke nje kwanza. Gaudensi hakucheka.

Jumatano, 7 Machi

Sikulala vizuri. Niandike mambo yalivyo, kichwa kipumzike.

Deo ni mdogo wangu. Tulinyonya ziwa moja. Mimi nilikuja Songea zamani kubeba tumbaku kwenye maghala. Ushirika ulipokufa na maghala yakafungwa, nikabaki hapa, sikuwa na sura ya kurudi Kasulu mikono mitupu. Deo alinifuata baadaye. Aliposikia habari za mawe ya thamani ya Tunduru akaenda kuchimba, ng'ambo ya Nakapanya. Nilimkataza. Alisema, "Kaka, wewe umebeba magunia miaka yote, umepata nini?"

Mwezi wa kumi na moja wenzake walimleta juu ya lori, homa imempanda kichwani. Alikufa kwenye chumba changu Matogoro kabla sijapata wa kunisaidia kumpeleka hospitali. Kumsafirisha mpaka kwetu Kigoma haikuwezekana. Tulimzika hapahapa Matogoro.

Gaudensi alikuja na kamera bila kuitwa. Bosi hakudai kitu. Chumba changu kina dirisha moja dogo, na jeneza lilipofunguliwa watu watoe heshima za mwisho, ndani kulikuwa na giza. Hakukuwa na mwingine anayejua kuishika taa. Niliishika mwenyewe.

Picha hiyo ndiyo imo kwenye kompyuta. Kwenye kanda haipo tena. Kanda ndogo za kamera ni chache, kwa hiyo picha ikishaingia kwenye kompyuta tunaandika juu yake kazi nyingine. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Kanda ya Deo iliandikwa harusi ya Mjimwema. Hakuna aliyefikiri. Hata mimi sikufikiri.

Alhamisi, 8 Machi

Wamesafisha meno ya kadi kwa kifutio cha mwanafunzi. Wameihamishia kwenye tundu jingine. Nilishika tochi. Gaudensi anatoa jasho wakati Songea yote inavaa sweta.

Televisheni nyeusi.

Jumamosi, 10 Machi

Mwalimu Yusufu amepita studio. Ni mtu wa kwetu, wa Ujiji, anafundisha sekondari hapa. Huwa ananiita "mwenyeji wangu" na tunacheka, kwa sababu wote wawili si wenyeji.

Uhamisho wake umetoka. Anakwenda Kasulu. Anaondoka Jumamosi ya tarehe 24, lori mpaka Dodoma, halafu treni. Akaniuliza kama kanda ipo tayari. Nikasema bado kidogo.

Yeye ndiye aliyeniletea maneno ya mama. Alikuwa nyumbani likizo ya Krismasi akampelekea habari za msiba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chakula, akasema hakuna msiba kwake. Hakuna aliyeona. Baba mdogo anasema Deo amepata mawe, amejificha na mwanamke wa Tunduru. Shangazi anasema mimi ndiye niliyemmaliza nikachukua mawe yake. Mama hasemi hili wala lile. Anasema aonyeshwe sura. Kaburi ni udongo, karatasi ya daktari ni karatasi. Matanga hayajakaliwa mpaka leo. Shamba la Deo la maharage amekataza mtu asilime, mwenyewe atakuja.

Siku ile Mwalimu alishindwa kunitazama usoni. Alisema, "Ndugu yangu, mpelekee picha. Kasulu mjini kuna banda la video, mwenyewe nitamshika mkono nimpeleke."

Basi ndiyo maana nalitaka tundu la televisheni. Maneno ya mama yalinifikia kadi imeshaungua.

Jumapili, 11 Machi

Nimekwenda misa ya kwanza. Nimerudi nimelala. Sikupita makaburini ingawa ni njia yangu.

Jumatatu, 12 Machi

Gaudensi alipiga simu kwa muuzaji wa kadi, pale kwenye kibanda cha simu. Muuzaji alisema kwanza iwekwe programu ya hiyo kadi kutoka kwenye diski iliyokuja nayo. Gaudensi akasema ameshaiweka. Muuzaji akasema aiondoe aiweke tena. Akaiondoa akaiweka tena. Kompyuta ikaganda. Alipoiwasha upya ilikuja na herufi kubwa mbaya na rangi chache, kama gazeti lililonyeshewa. Kazi ya mchana kutwa ilikuwa kuirudisha ilivyokuwa jana.

Nikamwomba anionyeshe kama Deo bado yupo. Akafungua. Yupo. Alinionyesha kidogo tu, pale watu wanaimba nje, akasimamisha kabla ya chumbani. Ni muungwana.

Jumanne, 13 Machi

Mimi nilitoa wazo. Nikasema, picha si inaonekana kwenye kioo? Basi tupige kioo chenyewe kwa kamera.

Gaudensi alisema kujaribu hakukatazwi. Tulifunga pazia. Akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu mbele ya kioo, akaiendesha picha yote mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo mara ya kwanza sehemu ya chumbani kuonyeshwa nikiwepo. Nilisimama nyuma. Nilikaza macho kwenye kisogo cha Gaudensi.

Tulipoitazama kwenye televisheni, mistari myeusi inapanda kutoka chini kwenda juu, mmoja ukiisha mwingine unakuja. Inapita juu ya sura ya Deo. Jicho likionekana mdomo umefunikwa. Bosi aliingia akaona. Akasema, akiniita kwa mkoa wetu, "Hii usimpelekee mama wa mtu, Kigoma. Atasema mmemfunga kamba."

Kweli. Gaudensi akairudisha kanda mwanzo. Kesho tuna mazishi ya mzee mmoja wa Mfaranyaki.

Alhamisi, 15 Machi

Nilishika taa Mfaranyaki jana. Mzee wa watu, wajukuu tele, pombe ya ulanzi haikukauka kwenye chombo. Msiba wa shibe. Binti mmoja aliniambia nisogeze taa, inamchoma. Nilikuwa sijui nimemsogelea.

Leo Gaudensi ameingia kwenye ule ukurasa wa bluu unaotokea kompyuta inapoamka, kabla ya picha yoyote. Kuna mahali unaiambia kadi ipi itangulie. Aliiambia mpya itangulie. Televisheni ikatoa mwanga wa kijivu. Nilipiga makofi. Kioo kikawa cheusi. Aliiambia ya zamani itangulie. Kioo kikawaka, televisheni ikafa. Moja ikiwaka nyingine inazimika. Amefanya hivyo mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Nikasema basi iache mpya peke yake, toa ya zamani. Akasema ameshajaribu, ikiwa peke yake inaleta kijivu tu, haitoi picha mpaka ikubali programu yake, na programu yake ndiyo inayogandisha mashine.

Hakunijibu vibaya. Ila alivyoiweka bisibisi mezani nilielewa nisiulize tena.

Ijumaa, 16 Machi

Njia ya Msalaba jioni. Niliimba.

Bosi amekubali kumwita fundi kutoka Mbeya. Hakumwita kwa ajili yangu. Pasaka inakuja, harusi zimeshaanza kuandikishwa, anataka vioo viwili vifanye kazi. Haidhuru.

Jumatatu, 19 Machi

Fundi hajafika. Barabara ina matope. Mwalimu Yusufu ameanza kufunga vitu. Nilikwenda kumsaidia kufungua kitanda na kabati. Mkewe alinipa chai na mihogo. Watoto wanagombania nani atakaa mbele ya lori.

Mwalimu aliniuliza, "Kwa nini usiende mwenyewe?" Nikasema kazi. Akasema, "Kazi gani Kwaresima?" Nikafunga kamba ya godoro, nikavuta sana.

Ukweli ni kwamba naogopa. Kanda ikienda, mama ataitazama, atalia, atajua. Nikienda mimi atanitazama mimi. Na shangazi atakuwa pale.

Jumanne, 20 Machi

Fundi amefika jioni. Anaitwa Elia. Mpole, mlokole, ana begi la diski. Alitusalimia wote, hata mimi alinipa mkono. Ataanza kesho.

Jumatano, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Gaudensi hakuwepo. Mtoto wake alikuwa na homa, alimpeleka hospitali. Tulikuwa Bosi, Elia na mimi. Umeme ulikuwepo. Mvua ilikuwa inanyesha, ndani giza, kwa hiyo nilishika tochi juu ya boksi.

Elia alifanya yaleyale ya Gaudensi, lakini haraka. Alitoa kadi, akairudisha, akaingia ukurasa wa bluu, akatoka. Halafu akakaa akatazama kioo muda mrefu. Akasema ameona ugonjwa. Kadi iliyoungua iliacha programu zake ndani. Mashine bado inaitafuta ile iliyoungua, ndiyo maana hii mpya haipewi nafasi. Kuzitoa moja moja ni kazi isiyoisha. Dawa ni kufomati, aweke kila kitu upya.

Akamuuliza Bosi, "Mzee, kuna kazi humu ambazo hazijatoka?"

Bosi akasema, "Kazi zote zimetoka. Hii ni Kwaresima, baba."

Nilisikia. Nilikuwa nimesimama katikati yao, tochi mkononi. Nilifikiri wanazungumza habari za kazi, za wateja. Ya Deo haikuwa kazi. Hakuna aliyeiandikisha. Ilikuwa msaada. Na hiyo fomati nilijua ni jina la dawa, kama fundi wa redio anavyotaja jina la kifaa. Elia aligeuka akanitazama na mimi, kama mtu anayesubiri. Nikamsogezea tochi nikidhani haoni.

Ilichukua mpaka mchana. Nilimletea Elia soda na andazi. Aliomba kabla ya kula.

Mchana vioo vyote viwili vikawaka. Televisheni ikatoa picha safi, ya maua, aliyokuja nayo Elia kwenye diski. Unavuta kitu kwenye kioo hiki, kinatokea kwenye kile. Bosi alimkumbatia. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikwenda mbio kwa Mwalimu Yusufu, kwenye mvua, nikamwambia kanda kesho.

Niliporudi Gaudensi amekwishafika. Alikuwa amesimama mbele ya kompyuta, hajavua koti. Anafungua, anafunga. Anafungua, anafunga. Alimuuliza Elia kitu kwa sauti ndogo. Elia akajibu. Gaudensi akageuka akaniona mlangoni, akatazama chini.

Ndivyo nilivyojua.

Alhamisi, 22 Machi

Elia amekaa mchana kutwa akijaribu kuirudisha. Ana programu ya kufukua vilivyofutwa. Ilileta vipande. Harusi mbili za zamani, bila sauti. Mlima. Miguu ya mtu. Tuliangalia kila kipande. Nilisema hapana, hapana, hapana. Juu ya mahali palipokuwa na Deo ameshaweka vitu vipya. Alisema hivyo mwenyewe, na machozi yalikuwa yanamtoka. Aliniomba msamaha mara nyingi. Nilimwambia hakujua. Hakujua kweli. Aliuliza.

Nikamuuliza Gaudensi ile kanda ya mistari. Akasema, "Mfaranyaki."

Nilikuwa natafuta mtu wa kumchukia. Bosi alisema kazi zote zimetoka, na zilikuwa zimetoka. Gaudensi alikuwa na mtoto hospitali. Nimerudi kwangu nimekunywa pombe ya komoni kwa jirani, nimetapika.

Jumamosi iko mlangoni.

Ijumaa, 23 Machi

Bosi aliniita ofisini, akafunga mlango. Akasema Gaudensi na kamera ni vyangu leo. Twende Matogoro tupige kaburi, msalaba wenye jina, nyumba aliyofia, nami nisimame pale niseme na mama. Vioo viwili vinafanya kazi, kanda itakuwa tayari jioni. Alisema, "Na taa nitashika mimi." Bosi hajawahi kushika taa.

Tulikwenda. Majani yamepanda juu ya kaburi kwa mvua hizi. Nilitaka kuyang'oa, Gaudensi akasema acha, aone ni kweli. Nikasimama. Bosi amenyanyua taa mchana kweupe bila umeme, imezimika, ameishika tu. Gaudensi akasema, "Haya, Kigoma. Sema na mama."

Nikasema, "Mama, shikamoo."

Kamera inakwenda. Ndege wanapiga kelele kule msituni. Nilitafuta neno nikaona kwamba lolote nitakalosema hapa, huko litasikika kama uongo. Mtu mzima anaongea na kioo cha kamera juu ya lundo la majani. Mama alisema udongo hautaki. Nami namletea udongo, na mimi mwenyewe nimejificha ndani ya kanda.

Nikawaambia wazime. Gaudensi alifikiri nimeshindwa na kilio. Sikuwa nalia.

Nikashuka moja kwa moja mpaka kwa Mwalimu Yusufu. Alikuwa anahesabu masufuria na mkewe. Nikasema, "Mwalimu, una mtu wa kushusha mizigo Dodoma na kuipakia kwenye treni?"

Akasema, "Nilikuwa nitatafuta palepale stesheni."

Nikasema usitafute.

Akanitazama. Akamwambia mkewe, "Mama Zuhura, ongeza unga wa safari."

Jumamosi, 24 Machi. Makambako

Tumelala hapa. Lori lilichelewa, tuliondoka Songea jua limekwishapanda. Niko juu ya mizigo, kati ya kabati na magodoro. Mvua ilitupata Njombe. Turubai linavuja pale pale ninapokaa, nimehama, nalo limehama.

Gaudensi alikuja asubuhi kuniaga. Alikuwa amebeba kanda ya jana, ameihamishia kwenye kaseti kubwa. Kaburi na mimi nasema shikamoo, basi. Alisema nisipoitaka niitupe njiani. Bosi hakuja. Alituma koti lake.

Sikumuaga Deo. Tulipita makaburini lori likiwa kwenye mwendo.

Jumatatu, 26 Machi. Dodoma

Tumeshusha. Tumepakia. Mabega yamechunika. Mke wa Mwalimu amenipaka mafuta ya mgando, akanisema kama mwanawe. Treni kesho.

Nimefanya mazoezi ya nitakavyosema. Hayatoki sawa. Kila nikianza naanza na radi na kadi, kana kwamba mama ameniuliza habari za kadi.

Jumatano, 28 Machi. Ndani ya treni

Baridi. Tabora imepita. Naogopa sana.

Jumapili, 1 Aprili. Nyumbani

Nilifika jana mchana. Mwalimu alitaka kunisindikiza, nikamwambia apange nyumba yake kwanza.

Nyumba ni ndogo kuliko ninavyoikumbuka. Mama alikuwa anapepeta maharage. Hakuinuka. Alitazama nyuma yangu, barabarani, akatazama tena kama kuna mwingine anayekuja. Halafu akanitazama. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Akaitikia. Akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha.

Shangazi alitokea nyumba ya pili. Akaanza palepale, kwa sauti ya majirani. "Mwenye mawe amekuja! Na begi lake dogo! Mawe umeyaacha wapi, wewe?" Mama akamwambia kwa Kiha akae chini. Akakaa.

Mama akauliza kanda iko wapi. Mwalimu aliandika kwamba inakuja. Nikasema imepotea. Shangazi akacheka. Nikasema kuna nyingine ya kaburi, sikuitaka, ninayo begini. Mama akasema, "Sikuomba kaburi."

Nikasema, "Mama, niulize. Niliyeshika taa ni mimi."

Hakuelewa. Nikamweleza kazi yangu. Kwamba chumbani palikuwa na giza, na mtu wa taa lazima amulike sura, asitingishike, asitazame pembeni. Kwamba watu wote walipita wakatazama mara moja wakatoka. Mimi nilibaki mpaka wa mwisho, mkono juu.

Mama akaanza kuuliza. Alikuwa amekonda? Nikasema ndiyo, hapa na hapa. Nywele? Zilikuwa zimekua, wenzake walimchana. Kidevu? Nikasema ana ndevu sasa, si nyingi. Alishangaa. Mama hakuwahi kumwona na ndevu. Macho alimfunga nani? Mimi. Mdomo? Ulibaki wazi kidogo upande, kama alipokuwa mtoto akilala. Hapo akaweka mkono mdomoni kwake. Akauliza kama alimtaja mtu. Nikasema ukweli, kwamba hakutaja mtu, homa ilikuwa imempanda, alikuwa anaita koleo. Analitaka koleo lake la kuchimbia. Sikumpamba. Nadhani ndilo lililomfanya aniamini, maana mwongo angesema alimwita mama.

Shangazi alikuwa ameacha kucheka.

Mama akauliza kama taa ilimchoma. Nikasema hapana, mama. Nilikuwa mbali kiasi.

Akainuka. Akaingia ndani. Nikasikia kilio, kile cha kwanza, kinachowaita watu. Wanawake walianza kuja kabla hakijaisha.

Jumatatu, 2 Aprili

Hapa kwetu Deo amekufa juzi. Watu wanakuja na kuni na unga, wanalia kama habari imefika sasa hivi, na kwao imefika sasa hivi. Mimi sina machozi, natoa viti. Baba mdogo amenishika mkono. Wanaume tunalala uani kwenye moto. Mama amelala chini ndani na wanawake, amekula kidogo asubuhi.

Mvua haijanyesha leo. Nimechota maji mara kadhaa, mtungi bado haujajaa.